Barwaqo Wawili wa Ploti Moja

Waberi, Garissa.

Kwako Abaayo Shurie,

Assalamu alaikum warahmatullahi. Hujambo dada yangu, na ule mgongo wako je? Ngamia wamerudi kutoka malishoni? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ni joto tu linatukaanga. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungeniambia nivumilie, na mimi nimechoka kuvumilia.

Maziwa yanauzika. Wateja wananiita Mama Maziwa, watoto wananiita shangazi, heshima tele. Lakini tangu mume wangu Daud afariki, hakuna mtu Garissa nzima anayeniita Barwaqo. Wajua marehemu alivyokuwa, akiniita tangu langoni hata kama nimesimama mbele yake. Ukame ulipozidi, watu walimtania kwamba ameoa mwanamke mwenye jina la neema ya mvua na bado mbuzi wake wanakufa. Aliwajibu kwamba barwaqo yake anayo nyumbani, mvua nayo ije ikitaka.

Basi hapa kwenye ploti palikuwa na mpangaji, Sagal, mwenye binti wa miaka mitatu. Naye ni Barwaqo. Usidhani alipewa jina kwa ajili yangu! Alizaliwa wiki mvua iliponyesha, kama sisi wengine wote. Mama yake alikuwa akimwita kutwa: Barwaqo njoo ule, Barwaqo toka juani, Barwaqo vaa viatu. Ukuta wetu ni mabati tu.

Sasa nikwambie, na usinicheke. Kila alipoitwa, mimi niliitika. Polepole, peke yangu jikoni. Akiambiwa aje ale, nami nilijipakulia nikala. Ijumaa nilijisahau nikaitika kwa sauti. Sagal akacheka, akasema, si wewe unayeitwa, mama. Nami nikacheka, wallahi, nikacheka vizuri kabisa, kisha nikafunga mlango.

Jana lori liliwachukua, wamehamia Mandera kwa mume wa Sagal. Sasa ni adhuhuri na tangu jana sijala.

Nisalimie wote hapo Eldas, na watoto uwabusu. Ukimaliza kusoma, nipigie, abaayo. Usianze na salamu wala habari za mbuzi. Piga wakati wa chakula, uniite jina langu, uniambie nije nile.

Mdogo wako,
Barwaqo