Jiwe la Kamba

Nyumba ya Lango la Maji,
Saint-Aubry, Nivernais,
Ufaransa.
11 Februari 2014.

Mpendwa wifi yangu Clémence,

Salamu nyingi zikufikie huko Kanada, wewe na shemeji Réjean na mwanenu Maude. Natumaini theluji haijawafungia ndani na kile kifua chako kimepoa. Mimi goti langu bado linanisumbua nikipanda ngazi, na Baba yenu anakohoa tangu Krismasi. Desturi inataka niandike kwamba sisi sote tu wazima, lakini mkono umekataa.

Nilipopiga simu juzi na kumwambia Réjean kwamba kaka yako Firmin amepatikana, na kwamba amekufa, sauti ilinikatika nikaiweka simu chini. Nisamehe kwa hilo. Hukustahili kupewa habari nusu, wewe uliyenyonya ziwa moja naye. Nakuandikia sasa ili uipate yote, na uipate kwangu, si kwa watu wa duka la nyama.

Unajua jinsi alivyoondoka. Kila mwaka mwezi wa Oktoba, watalii wakishapungua, mimi naye tulikuwa tunapanda baiskeli na kuufuata mfereji, tukilala kwenye vinyumba vya walinzi wa malango ya maji, yale yanayopandisha na kushusha mashua, na kula mkate na jibini kando ya maji. Oktoba ile ya mwaka juzi goti langu lilikuwa limevimba, nikamwambia aende peke yake. Alipiga simu kutoka Auxerre. Alisema hali ya hewa ni nzuri, na huenda akapanda na mfereji wa Burgundy siku mbili tatu kabla ya kurudi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yake.

Polisi walimtafuta Burgundy, kwa kuwa ndiko alikosema anakwenda. Hawakuona kitu. Kisha dereva mmoja wa lori akasema amemwona mtu kama Firmin kwenye mkahawa, anakunywa divai na mwanamke wa Kiholanzi, msafiri wa baiskeli kama yeye. Basi, wifi, ikawa imekwisha. Lisemwalo lipo, walisema, na hapa Saint-Aubry Mholanzi yule akapewa nywele, umri na hata jina.

Aliyenikalia kooni zaidi ni Huguette, mke wa mwuza nyama. Nikiingia tu kununua soseji, anaanza mbele ya wateja.

“We Solène, bado unamsubiri? Mwanaume wa baiskeli huyo, shoga! Akishapata mteremko harudi.”

Nami nacheka pamoja nao, maana ukilia dukani unakuwa umewapa nyama ya bure. Nikifika nyumbani ndipo nalia. Sitakuficha, nilimchukia kaka yako. Nilizikata suruali zake mbili kwa mkasi, zile nzuri za harusini na kanisani.

Lakini hata hivyo sikuacha kumtafuta. Masika ya mwaka jana, goti lilipopata nafuu, niliifunga picha yake kwenye usukani nikaufuata mfereji mzima, toka Auxerre hadi Decize unakoishia kwenye mto Loire. Nilisimama kila lango la maji na kuuliza. Watalii wa Kijerumani walinigawia kahawa yao, wakaitazama picha na kutikisa vichwa. Mlinzi mmoja kule Châtillon alinitazama kwa huruma, akaniambia, “Mama, kama angekuwa amepita hapa ningemkumbuka. Nenda nyumbani.” Nikarudi nyumbani. Wifi, kila nilipotoka na kila nilipoingia, nilipita juu ya kichwa chake.

Wiki iliyopita mfereji ulikaushwa kwetu. Mwaka jana zamu ya matengenezo ilikuwa upande wa juu, sisi maji yetu hayakuguswa. Unaikumbuka sikukuu ya kukausha, jinsi kijiji kizima kinavyoteremka na mabuti na ndoo kuwakamata samaki kabla matope hayajawaua, na jinsi watu wanavyocheka kuona vilivyotupwa humo. Nilikwenda na ndoo yangu kama wengine. Baba alikuwa anataka supu ya samaki.

Chini ya daraja Huguette alikuwa mbele yangu, magoti ndani ya tope. Nilimsikia anapaza sauti, “Haya jamani, baiskeli nyingine hiyo! Watu wa huku sijui wanazila!” Watu wakacheka. Akaushika mkoba uliofungwa kwenye baiskeli auvute, mkoba ukatoka na tope, na chini ya tope ulikuwa wa buluu, una kiraka chekundu. Mikoba ile niliishona mwenyewe. Huguette anaijua, alikuwepo siku naishona. Akauachia akageuka kunitazama.

Kaka yako alikuwa hapohapo, mguu wake umenaswa kwenye mkanda wa mkoba. Sitaandika zaidi ya hayo. Daktari wa polisi anasema aligonga kichwa kwenye ukingo wa jiwe, kwa hiyo hakuteseka. Nimeamua kumwamini.

Ndani ya mkoba, katika mifuko mitatu ya plastiki, kulikuwa na tandiko jipya la baiskeli. La kike, pana, lenye springi. Mwaka mzima nilikuwa nalalamika kwamba tandiko langu linaniua. Ngozi yake imeoza, springi bado zinabonyea. Kwa hiyo Burgundy hakwenda, wala Mholanzi hakuwepo. Alinunua tandiko Auxerre akageuza kurudi kwangu.

Sasa watu wanakuja na vyakula. Huguette ameleta mkate wa nyama, akasimama mlangoni analia, anasema, “Solène, nipige tu.” Niliipokea sahani nikafunga mlango. Wote wananiambia angalau sasa nimejua, angalau hakunikimbia, heshima yangu imerudi. Heshima nitaila? Wifi, ningempa Mholanzi yule nyumba hii na suruali zote, ili mradi Firmin awe hai mahali fulani, mnene, mwongo, anamsukumia mtu mwingine baiskeli. Bora nicheke dukani mpaka nizeeke.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike. Ni jinsi alivyoanguka. Unalijua jiwe la kamba pale kwenye kona ya daraja, lile lililochimbwa mifuo na kamba za mashua enzi zile zilipokuwa zikivutwa na farasi. Na unajua alichowafundisha Baba tangu mko wadogo, kwamba anayetoka safari hupita chini ya daraja bila kushuka kwenye baiskeli, anatoa mkono mmoja na kupitisha vidole kwenye mifuo. Asiyeligusa jiwe bado yuko safarini. Watalii wanashuka na kutembea, kama kibao kinavyosema. Sisi hatushuki. Mimi mwenyewe mliniozesha na desturi hiyo, Firmin alinifunza siku ya kwanza aliponileta hapa.

Oktoba njia ile inajaa majani ya miti, yameloa, na pale darajani upana wake hautoshi hata ng’ombe kugeuka. Alikuwa na mzigo. Alitoa mkono. Baiskeli ilikuwa imelala ikielekea nyumbani.

Nilitaka Baba asijue. Nilimwambia amekutwa kule chini, karibu na lango la pili. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, akanitazama.

“Usinidanganye, mwanangu. Maji haya nimeyalinda maisha yangu yote, najua yanaweka vitu wapi. Ni darajani?”

Nikamwambia ndiyo.

“Upande wa jiwe?”

“Ndiyo, Baba.”

Aligeuka akautazama mfereji dirishani. Kisha akaniuliza, “Aliligusa?”

Nitajuaje mimi, wifi? Nani aliyekuwepo? Nikamwambia, “Aliligusa, Baba.”

“Basi alifika,” akasema. Akaniomba nifunge pazia la upande wa mfereji. Tangu siku hiyo hajalifungua, na hataki mkate, anakubali supu tu, vijiko vitatu vinne kwa ajili yangu. Hazungumzi habari ya jiwe. Jana nilimkuta ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, ameubana mapajani kama mtu anayemzuia mtoto asikimbie.

Polisi watatukabidhi mwili mwisho wa mwezi, na padri ametupa Jumamosi ya kwanza ya Machi. Njoo, Clémence. Kama nauli inabana, niambie, nitauza mashua ndogo, haina tena wa kuipiga makasia. Baba hajaniambia nikuite lakini kila asubuhi ananiuliza kama ndege za Kanada zinaruka kwenye theluji. Ukichelewa sana nahisi utakuta makaburi mawili.

Nisalimie Réjean, mwambie asikasirike kwa ile simu. Mbusu Maude kwa niaba ya babu yake. Shangazi Berthe anakusalimu, amekuja kukaa nasi na anapika chumvi nyingi kama kawaida yake. Mungu akulinde njiani, juu ya bahari na juu ya nchi kavu, na akupe nguvu ambayo mimi nimeitafuta sijaiona.

Baiskeli yako ya ujana bado ipo bandani. Nimeipaka mafuta na kuijaza upepo, maana najua hutakubali kuletwa na gari kutoka stesheni ya Clamecy, utataka kuja kwa njia ya mfereji kama zamani. Maji watakuwa wameshayarudisha. Ila ukifika darajani, wifi yangu, nakuomba, shuka. Tembea, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Nitakuwa nimesimama upande wa pili nakungoja.

Ni mimi wifi yako akupendaye,

Solène