Koma Mbili za Jina Langu

Ibra, Omani, Alhamisi

Kaka yangu Amour,

Shikamoo. Natumai waraka huu utakukuta mzima huko Aija, wewe na wifi Dalal na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukuonea kila ukipanda ngazi. Sisi huku ni wazima wa viwiliwili, alhamdulillahi. Mayar amefaulu mitihani yake na anamwamkia mjomba wake. Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati simu unayo mkononi. Kwenye simu hunikatiza, Kaka, tangu utotoni, na leo nataka nifike mwisho wa maneno yangu.

Nianze na kazi, kwani ndiko yalikoanzia. Muhula huu nawasomesha vijana matumizi ya koma katika Kiingereza, na roho imenitoka. Wamezoea Kiarabu, ambako sentensi hushikana mikono ukurasa mzima, basi huitupia koma pale panapotaka nukta na kuendelea na safari. Nikawaeleza kuwa nyumbani kwetu mama akisema koma, mtu hufunga mdomo asithubutu tena, lakini koma ya Kiingereza haimkomeshi mtu, humpumzisha tu. Walicheka. Mimi pia nilicheka, siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Inayowatesa zaidi ni ile ya majina. Ukiandika kwa Kiingereza "kaka yangu Amour" bila ya koma, msomaji anaelewa kuwa ninao kaka wengine, nami nakutaja jina nisije nikawachanganya. Nikilizungushia jina lako koma mbili, moja mbele na moja nyuma, nimesema kaka ninaye huyo huyo mmoja, na jina nimelitia kwa hisani tu. Hata likifutwa, sentensi haipungukiwi na kitu. Ndivyo walivyoamua Waingereza, kuwa aliye peke yake ndiye anayeweza kufutwa.

Somo hilo Nadhir alilipata kwangu, mwaka ule wa kwanza wa ndoa, tukikaa mezani baada ya chakula nikimsahihishia barua zake za biashara. Lilimpendeza kupita kiasi. Akawa anawaambia watu kuwa mimi ni mke wa koma mbili. Watu hawakumfahamu, na mimi nikijiona malkia.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita wafanyabiashara wa tende walimwalika kuzungumza kwenye mkutano wao Nizwa, wakataka maneno machache ya Kiingereza ya kumjulisha kwa watu. Aliyaandika, akaniletea kama ada. Mwishoni aliandika kuwa anaishi Ibra na mke wake Mahbouba. Nikamsahihishia makosa yote, na jina langu nikalitia koma zake mbili. Alipoyarudisha kunionesha, masahihisho yangu yote yapo, ila koma mbili hazipo. Nikadhani vidole vimeteleza, nikazirejesha. Akaziondoa tena, na safari hii hakunitazama usoni.

Nilimuuliza kama amesahau somo. Akasema hakusahau. Akasema ana mke mwengine kule mjini Jalan Bani Bu Ali, jina lake Hiba, huu mwaka wa pili. Ndiko alikokuwa akienda kila wiki kwa ajili ya tende, na mimi nikiamka alfajiri kumpikia vitumbua vya njiani. Sijui vimeliwa na nani. Akaniambia kuwa ndugu zake Hiba watakuwepo Nizwa, nao Kiingereza wanakijua vizuri, na wakisoma jina langu na koma zake watasema amemkana dada yao mbele za watu. Basi shemeji zake aliwaonea haya, Kaka. Mimi niliyemfundisha hiyo koma hakunionea.

Nilimwambia sheria ya Mungu siipingi, nalipinga la kufichwa nyumbani mwangu kama mtoto. Nina uchungu na nina hasira, na sioni haya kuviandika vyote viwili.

Lakini hilo silo lililonifanya nishike kalamu. Siku ile nilimtisha kwa jina lako. Nilimwambia angoje Kaka Amour asikie, atajua kama mimi nina mwenyewe. Akasema kwa sauti ya chini kuwa wewe ulikuwepo. Akasema ulikaa karibu yake ndoa ilipofungwa, ukawa shahidi, na biriani ukala.

Kikulacho ki nguoni mwako. Baba alipofariki, mkono ulionioza kwa Nadhir ulikuwa wako. Idi iliyopita ulikaa sebuleni kwangu, ukanisifia halua, ukanambia nimshukuru Mungu kwa mume niliyempata. Ulinambia hivyo ukiwa unajua. Nadhir ni mume, na waume wapo wengi. Wewe ningekupata wapi mwengine?

Sitaki uniombe radhi kwa simu, na usinieleze kuwa ulinyamaza kwa kunionea huruma. Kudai talaka nimeshadai. Mimi na Mayar tutafika Aija Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala. Nyumba ya baba ni yangu pia, na chumba cha marehemu mama ndicho nitakacholala, kwa hiyo toa hayo makasha yako na ufungue madirisha kiingie hewa. Najua majirani watauliza kwa nini nimerudi. Mimi sitamjibu mtu. Utasimama mlangoni uwajibu wewe, maana shahidi ni wewe.

Nisalimie watoto wote. Wifi Dalal mpe salamu zangu, na ikiwa hakujua, mwambie sina neno naye.

Wasalaam,
nduguyo wa tumbo moja,
Mahbouba