Gauni la Leso la Achieng

Kondele, Kisumu
12 Februari 2024

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo mama. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na jirani yako Dorothy na kuku wake wasiojua mipaka. Sisi huku wazima. Clifford anakusalimu, yuko gereji. Achieng ana mafua kidogo lakini mdomo haupumziki.

Juzi kwenye simu uliniambia salama, salama, ukaniuliza kama nimekula, salio likaisha. Ndiyo maana naandika. Isitoshe, kipimo hakiendi kwa simu. Ndani ya bahasha utakuta uzi wa Achieng kama ulivyonifundisha: fundo la kwanza ni mabega, la pili kifua, la tatu urefu mpaka magotini. Kumpima mtoto wa miaka miwili na nusu ni kazi ya watu watatu. Nakuomba gauni moja tu, la mkono wako. Mafundi huku ni wengi, tena wazuri, lakini mimi nimekulia chini ya meza ya cherehani yako nikiokota pini, na ninataka mwanangu avae mshono huo.

Jambo lingine, nikipika wali wa nazi tui linakatika. Clifford anakula bila kusema neno, na huko ndiko kusema kwenyewe. Nielekeze.

Pasaka tunakuja, mama. Safari hii kweli. Miaka mitano ni mingi, na mjukuu hujamtia machoni.

Mwanao,
Eddah


Junda, Kisauni
3 Machi 2024

Mwanangu Eddah,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanayolalamika. Uzi nimeupata. Nimeupitisha vidoleni mara tatu nikacheka peke yangu: huyo mtoto ana mabega ya mchukuzi!

Tui linakukatikia kwa sababu ileile ya ulipokuwa na miaka kumi, una haraka. Kamua tui zito uliweke kando. Tia maji tena, ukamue tui jepesi; hilo ndilo la kuchemshia mchele na chumvi. Mchele ukikaribia kukauka ndipo umimine lile zito, moto uwe mdogo, ufunike. Na likiwa la mchuzi usitoke jikoni, koroga mpaka litokote. Wewe ulikuwa ukishatia tui unakimbilia kucheza mpira wa kati na wenzako, nami nakuita mpaka sauti inakauka.

Gauni nimelishona kwa leso yangu nyekundu, ile niliyokubebea mgongoni. Nimelishona mchana, dirishani, kwenye mwanga. Usicheke ukiona herufi zangu kubwa kama za mwalimu ubaoni. Ni kalamu hii.

Mtoto mfundishe aniite hawe, kama sisi Wagiriama tunavyowaita bibi zetu. Pasaka nitapika kunde za nazi na mtsunga. Nione kama mtoto wa Kisumu ataiweza mboga chungu. Mje, Eddah. Msiniambie tena Desemba.

Mamako,
Nyevu


Kondele, Kisumu
22 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Magoti je? Sisi wazima, na mafua ya Achieng yameisha.

Gauni limefika na limemkaa kana kwamba ulimpima mwenyewe. Lakini mama, jina la leso! Maneno yote kifuani yako kichwa chini! Clifford ndiye aliyeyaona kwanza, mtu wa gereji asiyejua pindo wala mshono, akaniuliza, "Maneno haya anasomewa nani, watu wa chini ya ardhi?" Nimecheka mpaka nikakaa chini. Unakumbuka nilipokata leso ya Mama Mwidani vivyo hivyo, nikiwa na miaka kumi na miwili? Ulinifumulisha mshono wote mbele ya mteja, na usiku nikala wali mkavu bila mchuzi. Leo ni wewe! Nimemwonyesha jirani yangu Caroline, akalipiga picha, na wateja wa kibandani kwangu wote wameiona. Umezeeka, fundi Nyevu!

Wali umekubali. Clifford aliongeza mara mbili.

Sasa usinikasirikie. Pasaka hatutaweza. Wiki ya sikukuu ndiyo watu wananunua mahamri kuliko wiki zote, na sina wa kumwachia kibanda. Agosti, mama, bila kukosa.

Mwanao,
Eddah


Kondele, Kisumu
30 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kwenye simu unasema salama kisha unampa Dorothy. Nimekosa nini? Ni ile picha? Kama ni Pasaka, nigombeze tu, nimezoea. Achieng anajua kusema hawe sasa, na analisema kwa kila mwanamke mwenye leso anayepita hapa.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Eddah wako


Junda, Kisauni
11 Agosti 2024

Mwanangu Eddah,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa Dorothy, usishtuke. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza lake.

Sikukukasirikia. Niliona haya.

Ni macho. Yalianza mwaka juzi. Nilidhani ni uzee, nikanunua miwani ya barabarani pale Kongowea, nikaendelea na kazi. Gauni la Achieng nililikata nikiwa sioni maandishi ya leso kabisa. Nilishona kwa vidole, kwa mafundo ya uzi wako, na nilipomaliza nikalipapasa mshono kwa mshono nikaona ni gauni zuri. Barua yako Dorothy alinisomea huku akicheka, nami nikacheka naye. Alipoondoka niliifunika cherehani.

Kuanzia siku hiyo nikaacha kupokea kazi. Mtu akileta kitambaa namwambia nina kazi nyingi. Mwezi wa Mei nilikwenda kwa daktari wa macho. Amesema ni presha ya macho, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Kuna dawa ya matone, ya kushikilia kilichobaki. La kushoto limezima. La kulia linanipa kidogo, kwa pembeni, asubuhi jua likiwa zuri.

Sikukwambia kwa sababu ungefunga kibanda uje mbio, na mimi sikutaka kuwa mzigo wa mtu. Sasa naona nilikosea. Eddah, nimekushonea wewe tangu nepi mpaka gauni la harusi. Sijawahi kumshonea mtu nisiyemjua uso. Niletee huyo mtoto nimwone, wakati hiki kidogo bado kipo.

Mamako,
Nyevu


Kondele, Kisumu
16 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nimelia, nimenyamaza, nimefunga kibanda. Basi la Jumatano. Usipike chochote, nitapika mimi. Nisamehe ile picha. Nisamehe na Pasaka.

Eddah


Junda, Kisauni
15 Septemba 2024

Mwanangu Eddah,

Marahaba kabla hujaniamkia. Nashukuru mmefika salama. Dorothy anaandika, anawasalimu.

Nyumba imenyamaza mno. Siku tisa Achieng amefungua kila sufuria yangu, na wallahi mtsunga ameula kuliko wewe! Wali uliotupikia Jumapili ile nilikuwa nakusikiliza tu ukikoroga, ukaniuliza mbona nimenyamaza. Nilikuwa nimerudi miaka ishirini nyuma, babako yuko mlangoni anavua viatu, anauliza kama chakula ki tayari.

Na mjukuu wangu nimemwona, nimeshiba. Paji lako, macho makubwa ya Clifford. Mzuri mno. Usiwe na wasiwasi tena.

Mamako,
Nyevu


Kondele, Kisumu
29 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na kibanda nimefungua tena.

Jana nilikuwa namsuka Achieng, akaniuliza kitu. "Mama, kwa nini hawe huangalia sikio langu?" Nikamwuliza, sikio vipi? Akasema, "Nikimwambia niangalie, anaangalia sikio." Niliacha kusuka.

Macho ya Achieng si makubwa, mama. Ni madogo kama yangu. Clifford ndiye mwenye macho makubwa, nami ndiye niliyekwambia, siku Achieng alipozaliwa, kwamba ameyarithi.

Nilipokuuliza pale kitandani kama umemwona, ulinishika mkono ukasema ndiyo. Sasa nauliza tena, na sitaki unionee huruma. Ulimwona?

Mwanao,
Eddah


Junda, Kisauni
13 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Dorothy anaandika huku analia, kwa hiyo ukikuta wino umetota ni yeye, si mimi.

Sikumwona.

Asubuhi mbili tatu nilimkalisha kwenye jua la mlangoni, nikageuza kichwa huku na huku, nikapata kivuli kinachorukaruka. Nilijua ni yeye kwa sababu ya kelele. Uso sikuupata. Usiku ule uliniuliza huku sauti inakutetemeka, nami sikuweza kukupa jibu hilo ukalale nalo. Nimedanganya watu wachache maishani, wewe ni wa kwanza ninayemuungamia.

Nisikilize. Usikae huko ukihesabu ile Pasaka. Ungekuja Pasaka pia ungekuta nimechelewa. Mimi nilikuwa na mdomo, na nilikaa kimya karibu miaka miwili. Kama kuna kosa basi tuligawane nusu kwa nusu, na mimi nichukue nusu kubwa kwa kuwa ndiye mama.

Matone natia asubuhi na jioni. Nimemfundisha Dorothy kukata, ananiharibia vitambaa, nagomba, siku inapita.

Sasa nina neno moja. Achieng ana miaka mitatu, umri wa kusahau. Babu yako mzaa baba alifariki ukiwa na miaka minne, na leo nikikuuliza uso wake huna. Akija mara moja tu, mimi nami nitakuwa hivyo kwake. Kwa hiyo mlete Desemba, na mlete tena Pasaka, na kila ukipata nafasi. Mimi sitamwona, hilo limekwisha. Yeye aje anione.

Hawe wake,
Nyevu