Wimbo Ulioishia Pale Kiti Kilipovunjika

Mpendwa kaka Wani,

Simu zangu hupokei, na ujumbe niliokutumia hujaufungua, kwa hiyo nakuandikia mbele ya watu wote. Huenda mmoja wao huko Arua, Uganda, akakusomea. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha tuliyotoka nayo shule ya bweni Kenya, Mama akiwa ukimbizini Uganda, tukaifanya ya kusengenyea mbele ya Mama. Leo sijali nani ananisikia.

Unakumbuka wimbo wako "Mlango" ulivyozaliwa? Tulikuwa ndiyo tumerudi Juba kutoka uhamishoni Uganda. Mama akatuchukua sisi wawili mpaka kwenye nyumba aliyoijenga na Baba kabla ya kukimbia vita. Akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Akafungua mtoto wa kike, mdomo umejaa chakula, akauliza, "Unamtafuta nani?" Mama alimtazama mtoto yule, akatazama nguo za watu zilizoanikwa uani, akasema, "Nimekosea nyumba." Akageuka. Tulimfuata nyuma mpaka barabara kubwa.

Swali la mtoto yule ukalifanya kiitikio. Ubeti wa pili ulikutesa msimu mzima wa mvua. Ulikuwa ukiniita kutoka jikoni, mikono yangu imejaa unga, niimbe sauti ya juu, kisha unalisimamisha gitaa katikati. "Usilie, Keji," uliniambia. "Ukilia wewe, msikilizaji atakuachia kazi hiyo." Maneno hayo bado nayatumia, hata kwenye mambo yasiyo ya muziki.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya onyesho la Buluk, pale pale Juba. Ukumbi ulikuwa nusu, lakini nusu ile ilikuwa imetulia. Nilikuwa nyuma yako kwenye kipaza sauti cha pili. Nilimwona mzee mmoja wa mstari wa mbele amevua kofia na kuiweka gotini, kama yuko kanisani. Ukafika ubeti wa pili, ukajiegemeza nyuma kidogo, na mguu wa kile kiti cha plastiki ukavunjika. Ulienda chini na gitaa lako, miguu juu, ukipiga kelele, "Mama yangu woi!"

Nilicheka na mimi, Wani. Wewe mwenyewe ulicheka. Ulileta kiti kingine, ukamaliza wimbo, watu wakasimama kukupigia makofi. Hilo hakuna aliyelirekodi.

Asubuhi yake Juba nzima ilikuwa imekuona kwenye simu ukianguka. Kabla wiki haijaisha, kijana mmoja mwenye kompyuta alichukua ile "Mama yangu woi" yako, akairudia rudia juu ya ngoma, na huo ukawa wimbo. Ukapigwa saluni, ukapigwa sokoni, ukapigwa kwenye harusi za watu wenye heshima zao, maharusi wakiangukia kwenye zulia kwa makusudi. "Mlango" tuliupandisha mtandaoni siku zile zile. Waliousikiliza walikuwa binamu zetu, watu wa kwaya na wewe mwenyewe.

Mwendesha boda mmoja Mganda alinibeba kwenda mjini, akageuza shingo kunitazama mpaka nikaogopa tutagonga gari.

"Wewe ndiyo dada ya ule mtu ya kiti? Mimi iko nayo hapa kwa simu!"

"Na wimbo wake unao?"

"Si ndiyo hiyo, 'Mama yangu woi'?"

"Hapana. Ule aliokuwa anaimba kabla hajaanguka."

Akauliza, kwa moyo safi kabisa: "Kwani alikuwa anaimba?"

Kitu nilichokuficha ni hiki. Mama naye alikuwa akiiangalia ile video. Niliingia nikamkuta ameketi na simu ya jirani, anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Tani," alisema, yaani rudia tena, na jirani akarudia. Nikamwambia, "Mama, huyu ni mwanao. Na wimbo aliokuwa anaimba ni wako wewe. Hujawahi kuusikiliza mpaka mwisho hata mara moja." Akajifuta macho na ncha ya leso. "Wimbo ule mimi nauishi, binti yangu. Niusikilize wa nini? Lakini Wani kuanguka namna hii, hilo sikuwahi kuliona."

Maneno hayo yananikera mpaka leo. Nimewahi kuulaumu mtandao, bei ya bando, watoto wa siku hizi, kijana yule na kompyuta yake. Yote hayo ni kweli. Mtu aliyenunua bando kwa kujibana hawezi kuliteketeza kwa kumngoja Wani afike ubeti wa pili. Lakini Mama hakununua bando, wala si mtoto wa siku hizi. Mama alikuwa amechoka tu, na kicheko kilimfikia kwanza.

Kisha akaja yule mwandaaji wa sherehe wa mtaa wa New Site, kakuvalia miwani ya jua, anataka uje uanguke. Nilikuomba ukatae. Ulisema, "Nitaimba kwanza, halafu nianguke. Watakaokuja kwa kiti watasikia na wimbo." Uliamini kweli. Tulifika jua likiwa bado kali, na hata hujafunga nyuzi sawasawa wakaanza, "Anguka! Anguka!" Uliimba ubeti wa kwanza huku wanapiga kelele. Nilikuona mgongo ukilegea. Ukaanguka, katikati ya neno, ukasema maneno yako yale, na simu zote zikanyanyuka. Uliposimama ukaanza upya, simu zilikuwa zimeshushwa na watu wanafuata nyama choma. Uliimba mpaka mwisho, nikaimba nawe, mbele ya migongo.

Siku ya tatu nilikusindikiza uwanja wa ndege. Ulisema neno moja tu: "Kalas." Imekwisha. Gitaa uliniachia mimi.

Wani, nimewakasirikia watu hawa mpaka nimechoka, sasa imefika zamu yako. Kwa nini uliwahesabu waliocheka tu? Yule mzee wa kofia hakuwa mtu? Kama wimbo unastahili watu wengi, ni sawa, na mimi ninawataka, tena ninawataka kwa hasira. Lakini wachache ulikuwa nao, ukawaacha wamekaa.

Mimi nimeanza kutunga. Nilikuwa nikifikiri sauti ya juu ndiyo kazi yangu yote, kumbe sivyo. Wimbo wangu unahusu wanawake wanaogombana kwenye gari la maji na jioni kuazimana chumvi. Si mzuri kama wako. Juzi niliuimba kwenye uwanja wa kanisa baada ya misa, gitaa likinishinda vidole. Walibaki wachache, wengi wao wanawake walewale wa maji. Katikati mmoja wao alidakia kiitikio kabla sijamfundisha, na mwingine akamfuata, kwa sauti mbaya sana, macho kafumba.

Nikatazama huku na huku. Mimi, ninayezilaani simu za watu kutwa, nilikuwa natafuta hata moja iliyonyanyuliwa, na haikuwepo. Nilikasirika, Wani, hata nikasahau mstari. Wale wanawake hawakuningoja. Waliendelea bila mimi.

Kaa salama huko uliko. Mama anakusalimu, anasema kula vizuri. Usinijibu kama hutaki, ila usiniambie tena kalas.

Ni mimi, dada yako mdogo,
Keji