Kuhesabu Siku ya Sabato

Jumapili, 30 Septemba 2001

Nimetoka shule ku Kamembe sasa hivi, viatu bado iko mu miguu. Miye Laurence, mwanafunzi wa santé publique, afya ya bantu bote! Acha niandike tena: mwanafunzi. Ku centre de santé ya Bugarama, kwenye nafanya kazi, banacheka – infirmière, muuguzi muzima, anarudia benchi ya shule. Bacheke tu.

Bwana Byiringiro, chef wa section yetu, alisema kila muntu alete mupango yake ya miaka ine: kozi gani, mwaka gani. Anataka aone kama tunafikiri. Mwisho ni Jumatatu, tarehe kumi na tano. Mwenye hataleta, nafasi yake inapewa mwingine. Alisema vile huku anaangalia dirisha, kama vile hao bengine balishafika kupiga mulango.

Kiisha akabandika horaire, ratiba ya kozi. Biostatistique, kozi ya kuhesabu bagonjwa: Jumamosi. Jumamosi tu, asubuhi mpaka jioni, ju prof anatoka Butare. Na bila Biostat hakuna Epidemio, bila Epidemio hakuna stage ya mazoezi, bila stage hakuna diplome. Iko kama kamba ya kuanika nguo: ukikata hapa mwanzo, yote inaanguka chini.

Nilibaki nimesimama pale. Nasiba, musichana Muislamu wa Kamembe mwenye papa yake anashona nguo ku soko, akanigusa bega. Anasema Ijumaa ni yake, Jumamosi ni yangu, Jumapili ni ya Bakatoliki – tutasoma lini, mu ndoto? Nikacheka sana. Lakini moyo haukucheka. Papa yangu ni mzee wa kanisa ya Baadventista. Kwetu, tangu jua ya Ijumaa inazama mpaka ya Jumamosi inazama, hata sufuria haioshwe.

Jumatatu, 1 Oktoba

Nilikata mifuko ya simenti, ile ya karatasi – hapa karibu na kiwanda ya Muganza haikosekane – nikatengeneza kadi. Kozi moja, kadi moja. Nikazipanga ku mukeka, mwaka kwa mwaka. Furaha gani! Maji na Usafi hapa, Lishe pale, Afya ya Mama na Mutoto chini yake. Nikabadilisha. Nikarudisha. Kuku akapita juu ya Epidemio akaacha alama yake. Weye umeshafaulu, nilimwambia.

Papa alirudi kutoka shamba ya mupunga, matope mpaka magoti. Hakukanyaga kadi hata moja. Alizunguka mukeka pole pole, anasoma kila moja kwa sauti, kama anasoma Maandiko. Kiisha akaona ile niliweka peke yake, kando ya ukuta.

– Na hii maskini, ilifanya nini?

Nikamwambia. Inafundishwa Jumamosi.

Alinawa miguu. Alikunywa maji. Akasema: basi iko mahali yake. Na ikaishia pale. Papa hapigake kelele. Angepiga, ningejua namna ya kumujibu!

Sabato, 6 Oktoba

Jua imezama, sasa naandika. Mu Sabato sishikake kalamu. Sheria ile nilijiwekea miye mwenyewe nikiwa mutoto, Papa hakuniomba. Kwa hiyo nisijidanganye: si Papa peke yake. Hata miye Biostat ya Sabato inaniuma roho.

Sikuenda. Nasiba atanipa daftari yake ninakili. Mu kanisa joto ya Bugarama ileile, batoto banalala, bamama banajipepea na vitabu ya nyimbo. Papa akasimama kama kila Sabato, kusoma ripoti ya Shule ya Sabato. Yeye ndiye katibu, tangu Bukavu, mbele nizaliwe. Darasa ya kwanza: bamemba hivi, bamefika hivi, habakufika hivi na sababu, bagonjwa balitembelewa hivi. Darasa ya pili. Vile vile mpaka ya tano. Nilikuwa nawaza Kamembe, nikasinzia.

Sasa nakumbuka ripoti moja. Mwaka 1996, vita inaanza, tunatoroka Bukavu kwa njia ya Kamanyola. Maman alikunywa maji ya mufereji, akaharisha mpaka akafa. Tulimuzika kando ya barabara. Sabato ya kwanza upande huu wa Rwanda tulisali chini ya shitingi ya plastiki, na Papa akasimama akasoma: nyumba ya katibu, bantu batatu, mumoja hakufika. Hakulia. Miye ndiye nililia. Mu barabara ile balikufa bengi, hakuna muntu alibahesabu. Maman yeye alihesabiwa. Nafikiri ni siku ile nilianza kutaka kazi hii.

Jumapili, 7 Oktoba

Bwana Byiringiro aliniita kando. Nikajua nimeisha. Kumbe prof ni muntu muzuri! Mwenye hawezi kufika Jumamosi atafanya ankete: achague kijiji moja, apite nyumba kwa nyumba, ahesabu bagonjwa. Nani, anaishi wapi, tangu lini, anakunywa maji gani. Mwanzo wa ankete uje pamoja na mupango, tarehe ileile kumi na tano. Byiringiro akaongeza: kazi ya kweli, Laurence, si ya kutunga chini ya muti. Kama iko ya kutunga, atafuta jina yangu yeye mwenyewe.

Nasiba alifurahi kunishinda. Anasema: unaona, Mungu wako anafanyaka kazi hata Jumapili!

Nimerudisha kadi ya Biostat ku mukeka, mwaka ya kwanza, juu kabisa. Papa aliiona. Nilimuona anacheka ndani ya ndevu.

Jumanne, 9 Oktoba

Bagonjwa babili, nyumba moja, karibu na mufereji ya mupunga. Banaharisha maji tupu, nyeupe, kama ile ya kuosha muchele. Maman Mukabalisa, mukubwa wetu ku centre, aliangalia ndoo mara moja tu akasema: kolera. Ngambo ya pili, kule Congo, vita haijaisha, bantu banavuka na mikeka ku kichwa, banakunywa kwenye banapata, na sisi tunakunywa nyuma yao. Tumemimina chlore, dawa ya kuua vidudu, mpaka macho inawasha. Jioni akafika wa tatu.

Nimechoka. Nalala.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nyuma ya kazi nilipita ku milango. Kwa centre kwanza, kwa ankete pia, nisifiche. Hodi, kuna mugonjwa? Hapana, dada. Hodi? Sisi tuko bazima, Mungu asifiwe. Na ndani nasikia muntu anatapika!

Banaogopa. Mugonjwa akijulikana anapelekwa ku hema nyuma ya centre, kiisha majirani banaanza: ni ninyi mulitoka Congo, ni ninyi mulileta. Sasa hapa kwetu nani hakutoka Congo? Halafu asubuhi nyumba mingi iko na kufuli, bantu bako mu mashamba. Kwa Damascène, mwenye mashini ya kukoboa mupunga, nilipewa kiti, chai na uongo. Muke wake alikuwa ndani ya blanketi, na joto yote hii! Malaria tu, alisema Damascène. Hakuniangalia usoni.

Kijiji hii karibu yote ni Baadventista: iko siku moja tu bote banabaki nyumbani, na banaongea. Najua ni siku gani. Nimekaa nayo tangu jioni na sipende.

Ijumaa, 12 Oktoba

Asubuhi muke wa Damascène aliletwa ku centre, bamemubeba. Macho ilishaingia ndani. Tumemuwekea serum ku mushipa. Sijue kama atapona.

Kwa hiyo nilimwambia Papa, mbele jua izame. Kesho nyuma ya ibada nitapita nyumba kwa nyumba, kuuliza na kuandika.

Alikuwa ku kiti yake, sahani mbele yake, hakuigusa. Akasema kuponya, ndiyo. Umefanya zamu ngapi mu Sabato, nimeshakukataza? Peleka dawa. Peleka maji. Lakini kupita na kalamu, kuhesabu bantu ju ya masomo yako, hapana. Ile ni yako, si ya Mungu.

Na miye – sijue ilitoka wapi – nikamwambia: na weye, Papa? Kila Sabato unasimama unahesabu. Nani amefika, nani hakufika, nani ni mugonjwa. Tangu Bukavu! Ile unafanyaka ni Biostat, Papa!

Nilifikiri atacheka. Akasimama, akashika ukuta kidogo, akatoka nje. Akakaa sana kule. Akarudi, hakuketi, akatoka tena. Nimemukasirisha mpaka hawezi kukaa na miye mu chumba moja. Miye na mudomo yangu! Hata sombe, majani ya muhogo, amekataa, na nilitia samaki ndani, vile anapendaka.

Nimemwita. Anajibu kutoka nyuma ya nyumba: lala, mama, iko sawa.

Jua inaingia. Naweka kalamu.

Sabato, 13 Oktoba

Naandika na jua iko juu. Mu kanisa! Ku benchi ya mbele, bote banaona. Sikuwa na karatasi ingine mu sakoshi, ni hii shajara tu.

Papa alisimama kwa ripoti. Uso umekonda kwa usiku moja. Nikajua ni miye nilimufanyia vile, nikainama. Lakini hakusoma ripoti. Alikunja karatasi akaitia mu mufuko. Akasema leo tunauliza namna ingine. Kila darasa, nyumba yenye iko na mugonjwa wa tumbo, inue mukono. Hakuna muntu atafukuzwa. Hakuna muntu ataulizwa alitoka wapi. Tunataka kujua nani wa kutembelea.

Hakuna mukono. Bamama banaangalia miguu yao. Papa akangoja. Papa anajua kungoja.

Kiisha Damascène – Damascène wa chai na uongo! – akainua. Analia. Kiisha mama mumoja kule nyuma. Kiisha mikono mu benchi mingi.

Papa akanitafuta na macho. Akasema, na kanisa yote inasikia: Laurence. Andika.

Naandika.

Darasa ya kwanza: nyumba tatu. Yote kando ya mufereji.

Darasa ya pili: nyumba mbili. Bote banateka mu mufereji, maji ya kunywa na ya kupika.

Darasa ya tatu: hakuna. Hata moja! Ni hao ba kilimani, bako na bomba. Ekie! Inaonekana kabisa, hata mutoto angeona. Muntu afunge ile mufereji leo, asingoje Jumatatu.

Darasa ya ine, darasa yetu. Kwa Gratien, mumoja. Kwa mama wa mapacha, babili. Papa anasema: nyumba ya katibu, mumoja.

Niliandika. Kiisha nikainua kichwa. Nyumba ya katibu ni sisi babili, na miye niko muzima.

Tangu jana, Papa? Nimeuliza kwa sauti, mu kanisa. Anaitika na kichwa. Mukono yake imeshika meza ya mahubiri, vidole imekunjamana kama ya muntu aliyefua siku muzima. Jana yote ilikuwa mbele yangu, ukuta, sahani, kutoka nje na kurudi. Na miye infirmière nikafikiri ni hasira!

Shemasi Dominique ameshatoka mbio kuleta machela. Nimesimama nimushike. Papa anasema hapana, niketi, nishike kalamu, tumalize kwanza.

Imebaki darasa ya tano.