Neno la Mreno

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zikufikie kutoka Kibokoni. Bibi yako mzima, ila goti lamsumbua. Umeuliza kama babu yako, seremala hodari kuliko wote mtaa wa Ndia Kuu, amewahi kumwogopa tajiri. Nimewahi, na usicheke.

Alikuwa Mreno mwenye viwanda vya samani kwao. Alinipa kasha la kale nilitengeneze, nami kwa kujionyesha nikapiga nyundo kwa nguvu, nikapasua kifuniko, nikakifunika gunia. Asubuhi akaja, akanishika mkono. "Twende igreja."

Mimi nikasikia gereza. Tulipoikaribia Ngome, ambayo siku hizo ndiyo iliyokuwa gereza, nikasimama. "Tajiri, kasha nimelipasua mimi. Mamangu hana mwana mwengine."

Akashangaa. "Kasha? Nionyeshe kanisa tu, nikamwombee mamangu."

Kumbe kwao igreja ni kanisa. Nilikuwa nimejishtaki mwenyewe.

Baada ya kanisa tukarudi karakanani. Akaliondoa gunia, akalitazama lile kasha, nami nikingoja aniitie polisi. Akavua koti. Kumbe naye, akaniambia, alianza kazi kwa kupiga randa, akiharibu mbao za watu.

"Shika huku," akasema.

Nikashika, tukaupaka gundi ule ufa. Kama alinisamehe, hakusema. Ila aliketi nami mpaka gundi ikakauka.

Babu yako.