Presha ya Mlima

Filo, nimeboronga. Unicheke kwanza, halafu uniombee.

Unamkumbuka Efrazia, yule mwalimu mwenye mimba ya kwanza? Wiki iliyopita kliniki presha yake ilikuwa juu. Nikamwambia, "Mama, umepanda mlima na huo mzigo, kaa upoe." Ikashuka kidogo, nikamruhusu. Mimi na diploma yangu ukutani!

Leo kaja na bodaboda. Hajapanda hata ngazi. Presha 170 kwa 110! Kichwa kinamgonga, anaona nyota. NYOTA, Filo, saa nne asubuhi!

Daktari kasema apasuliwe leo leo. Mama mkwe wake, Bibi Rahabu, akawaka: "Nimezalisha kijiji kizima cha ujamaa bila kisu! Siku hizi presha kidogo tu, kisu!"

Nikamwambia, "Bibi, si kila mwenye presha anapasuliwa. Ila huyu njia haijafunguka, na hatuna muda."

Akasema polepole: "Mmoja alishikwa na kifafa cha mimba mikononi mwangu. Mpelekeni."

Hajapanda hata ngazi, Filo.

Wamemwingiza sasa hivi chumba chenu cha upasuaji. Ukitoka humo niambie tu kama wote wawili wazima.

Filo?